Usichukue Sauti za Watu Kama Hujui Kufunga Faili

Wenzangu wa maikro, wengi wenu hamtapenda andiko hili. Naliandika hata hivyo, kwa kuwa jambo lenyewe limetugharimu, na katika orodha ya wenye makosa jina langu liko juu.

Tangu nianze kazi hii nasikia sentensi moja katika vyumba vya habari vya Goma na huku kwetu Rutshuru: "Hiyo ni kazi ya fundi wa kompyuta." Mwandishi anachukua sauti, anaandika habari, anasoma. Faili ikiwa nzito, aitwe fundi. Faili ikija imefungwa, aitwe fundi. Fundi akikosekana, mwandishi anatia fleshi mfukoni, anavuka barabara, anaingia katika kibanda cha sekretaria pubiliki, pale wanapochapa barua na kutoa fotokopi, na anamwambia kijana asiyemjua hata jina: "Nifungulie hii." Ndani ya fleshi ile kuna sauti za watu waliomwambia mambo ambayo hawajamwambia hata chefu wa kijiji.

Mimi nasema huo ni uvivu tuliouvalisha nguo ya heshima. Mtu anayekusanya sauti za raia katika nchi kama hii yetu anapaswa kujua kuzifunga, kuzituma na kuzifungua kwa mikono yake mwenyewe. Na nasema zaidi: ajifunze kwa kuandika amri, katika lile dirisha jeusi ambalo mnaliogopa kama nyoka, asitegemee kubofya tu.

Niwaambie yaliyonipata.

Mwisho wa mwaka 2022, vita vilipowasukuma watu wa Rugari, wa Kibumba na wa hapa Rumangabo kushuka barabara ya Goma, nilikaa na mama mmoja pale Kanyaruchinya. Mvua ilikuwa inanyesha, tumejibana chini ya kipande cha shitingi. Alizungumza dakika kama arobaini. Alieleza alivyotoka Rugari usiku, njia waliyopita, na mahali alipopotezana na mume wake. Kabla hajaanza aliniuliza swali moja tu: "Mtoto wangu, hii itapita kwa redio, baba watoto aisikie popote alipo?" Nikamjibu ndiyo, mama.

Kile kinasa sauti changu kilikuwa kinazipa faili majina yake chenyewe: REC0001, REC0002, kuendelea. Ya mama ilikuwa REC0007. Nikaishusha kwenye kompyuta ya chumba, nikafuta kadi, kwa maana pale nilipokuwa nafanya kazi sheria ilikuwa hiyo, kadi zilikuwa mbili na wapiga ripoti ni wengi. Saa ileile mwenzangu aliyekuwa upande wa Kibumba akatuma furushi lake, faili moja yenye jina linaloishia na tar.gz. Nilikuwa nimeonyeshwa amri moja tu ya kufungua, nikaiandika kwa haraka, ndani ya folda ileile:

tar -xzf furushi.tar.gz

Haikuuliza kitu. Kinasa sauti cha mwenzangu kilikuwa cha aina ileile na chake, na kadi yake nayo ilianzia REC0001. Tar inapokuta jina linalofanana, kwa desturi yake inaandika juu ya lililokuwepo, kimya. Nilipokuja kufungua REC0007 ili nimkate mama vipande vya kurusha, nikamsikia mzee mmoja anaeleza bei ya viazi na kabichi. Mama hakuwepo tena. Kadi tupu, nakala hakuna.

Nilirudi Kanyaruchinya mara tatu. Mwanzo wa 2025 zile kambi za pembeni ya Goma zikavunjwa, watu wakatawanyika. Sijamwona tena.

Sasa, kuna mkubwa wangu mmoja niliyemsimulia haya, akanijibu: "Unaona, mdogo wangu? Ndiyo maana tunasema mwachieni fundi." Nilimheshimu, sikumjibu siku ile. Namjibu leo. Shefu, amri ile haikuniponza kwa kuwa ni amri. Iliniponza kwa kuwa nilijua nusu yake. Mtu anayejua nusu ya kuendesha pikipiki akianguka hatusemi pikipiki ni ya motari tu, tunamwambia ajifunze breki. Na breki zilikuwepo. Ningeandika kwanza:

tar -tzf furushi.tar.gz

Herufi t inaonyesha orodha ya vilivyomo bila kufungua chochote. Ningeona REC0007 mle ndani, ningeshtuka. Halafu ningetengeneza folda yake na kumwambia tar amwage huko:

mkdir kibumba
tar -xzf furushi.tar.gz -C kibumba

Mistari mitatu. Hata kama ningekuwa na haraka ya kufa, ningeongeza -k, ambayo inaikataza tar kugusa faili iliyopo. Dakika moja ya kujifunza ingetosha, na hakuna aliyenipa dakika hiyo. Katika kozi ya uandishi wa habari tulifundishwa maswali ya nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Tulifundishwa sheria na maadili. Tumekaa katika semina za siku tatu hotelini kando ya ziwa, perdiem mfukoni, tukijadili kupambana na habari za uongo. Katika semina zote nilizokaa mimi, sikumsikia hata mmoja akisimama kusema: ndugu, faili ya shahidi wako inafungwa hivi, inakaguliwa hivi, inafunguliwa hivi.

Watu wanafikiri tar ni kitu cha vijana wa kisasa. Imenipita umri. Ilitoka na mfumo wa Unix mwaka 1979, na jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya mikanda, ile mikanda ya sumaku. Wazee wetu wa redio waliofunga mikanda kwenye makopo na kuandika juu yake kwa kalamu, hawa ni ndugu zao. Kazi ya tar ni kukusanya faili nyingi ziwe furushi moja, haibani chochote. Anayebana ni mwingine, gzip, aliyetengenezwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992. Ile z katika amri ndiyo inamwita. Na nyuma ya gzip, na nyuma ya zip ya Phil Katz ya 1989, kuna wazo la Abraham Lempel na Jacob Ziv waliloandika mwaka 1977.

Wazo lenyewe mtu wa Rumangabo analielewa bila shule. Chukua tangazo la shirika la raia la wilaya yetu. Kila wiki linaanza na maneno yaleyale, "Kivu ya Kaskazini" imo mara kumi, "Rutshuru" mara ishirini, "hali ya usalama" ndiyo usiseme. Badala ya kuandika neno upya kila mara, programu inaandika alama fupi: rudi nyuma herufi mia mbili, nakili herufi nane. Anayefungua anafuata alama hizo na kupata maandishi yote, nukta kwa nukta, hakikupotea kitu. Ndiyo maana maandishi yanabanika vizuri sana, mara nyingi yanabaki robo au theluthi.

Na hapa ndipo penye udanganyifu wa pili ninaotaka kuupiga. Kuna wenzetu wanaosema, "Faili ni nzito? Itie kwenye zip." Wanatia MP3 ndani ya zip, wanasubiri, inatoka na uzito uleule, kisha wanailaumu kompyuta. MP3 imeshabanwa na picha ya JPEG imeshabanwa. Huwezi kukamua shati lililokwisha kukauka. Kuna kubana bila kupoteza, kama gzip na zip, na kuna kubana kwa kutupa, kama MP3, ambayo inaondoa sehemu za sauti inazodhani sikio halitazidai. Ukibana kwa kutupa, kilichotupwa hakirudi, hata umlete fundi kutoka Kinshasa.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Sauti ya WAV ya kawaida, chaneli moja, inakula mega 5 na kitu kwa dakika. Mahojiano ya nusu saa yanakaribia mega 160. Kwa rezo ya hapa, siku ya mvua, hiyo haiendi, na forfe inaisha katikati. Basi mtu anafanyaje? Anaigeuza MP3 ndogo. Chumba cha habari kinaigeuza tena ili iingie kwenye programu yao. Mwingine anaikata na kuihifadhi upya. Kila aliyeigusa ametupa kidogo. Siku mtu anauliza kijiji gani kilitajwa, unasikia mlio kama wa maji kwenye bomba, na huna tena ya kwanza.

Wakati huo kuna FLAC, ya bure, inayobana sauti bila kupoteza hata chembe. Kwa sauti ya mtu anayezungumza mara nyingi inaleta nusu ya uzito, wakati mwingine chini zaidi. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi. Ya kurusha leo jioni, tengeneza nakala nyepesi:

ffmpeg -i mahojiano.wav -c:a libopus -b:a 24k mahojiano.opus

Nusu saa nzima inakuwa mega 5 na nusu hivi, na maneno yanasikika safi. Nakala hiyo iende Goma leo. Ya kwanza ibaki kwako, isubiri siku ya rezo nzuri au safari ya basi. Sijui kwa nini jambo rahisi namna hii linaitwa ufundi.

Mtaniambia: lakini tuna WhatsApp. Naijua, naitumia kila siku kama ninyi. Picha ukiituma kama picha, inaipunguza na kuifuta taarifa za lini na wapi ilipigwa. Ukiituma kama hati, inaiacha nzima. Wangapi kati yenu mnajua tofauti hiyo? Rumangabo ulimwengu unaijua zaidi kwa picha moja, ile ya 2019 ya mlinzi wa Virunga na sokwe wawili wamesimama nyuma yake kama watu. Imezunguka mpaka nakala nyingine zina ukungu. Kwa sokwe haidhuru, picha safi ipo mahali fulani. Kwa mwananchi aliyepiga picha ya shamba lake lililoharibiwa, ile aliyokutumia mara nyingi ndiyo pekee.

Na rezo ikikatika? Januari 2025 Goma ilipoanguka, kulikuwa na siku bila umeme, bila maji, bila intaneti. Siku kama hizo faili inasafiri kwa fleshi katika soksi ya mtu. Rezo ikirudi inarudi kwa vipindi, dakika kumi ipo, saa moja haipo. Kwa hali hiyo mstari wa amri unashinda kila kitufe, kwa maana unaweza kukata furushi vipande:

split -b 5M furushi.tar.gz kipande-

Kila kipande mega 5. Kimoja kikikwama, unarudia hicho kimoja, hurudii vyote. Aliye upande wa pili anaviunganisha:

cat kipande-* > furushi.tar.gz

Halafu wote wawili mnaandika sha256sum furushi.tar.gz na kusomeana kwa simu herufi za mwanzo na za mwisho za ile namba ndefu. Zikifanana, furushi limefika zima. Zisipofanana, kuna kipande kilichoharibika, na umejua kabla hujafuta chochote. Hapo ndipo ruhusa ya kufuta kadi inapopatikana. Sio kabla. Ningekuwa na mamlaka ningeandika hilo kwa rangi kwenye ukuta wa kila redio kutoka Kibumba hadi Kiwanja.

Kwa wale wa vizuizi, yaani sisi wote tunaopita RN2, nina neno moja. Sisemi vizuizi vya nani, kila utawala uliopita hapa ulikuwa na vyake. Zip yenye nywila inaficha yaliyomo lakini majina ya faili yanabaki wazi, na ile njia yake ya zamani ya kuficha ni dhaifu. Nimeona kwa macho yangu faili imefungwa kwa nywila na inaitwa kwa jina la mtu na kijiji chake. Hapo umefunga mlango na kumwandika aliyemo ndani juu ya mlango. Programu ya 7-Zip inaweza kuficha mpaka majina:

7z a -p -mhe=on hifadhi.7z folda/

Ukiacha -p hivyohivyo bila kitu mbele yake, itakuuliza nywila. Usiiandike ndani ya amri yenyewe, maana kompyuta inakumbuka amri ulizoandika, na atakayeichukua atazisoma. Na hata kwa ulinzi huo, jina la mtu lisiwe jina la faili. Nywila haimzuii aliyeshika bunduki kukuuliza nywila. Hilo nalijua. Lakini inamzuia kijana wa kibandani, na anayeokota fleshi uliyoangusha kwenye basi, na mwenzako mdadisi.

Nitawapa wapinzani wangu haki yao sehemu moja. Ndiyo, dirisha jeusi linaua. Mtu akiandika tar -cf *.wav akidhani anafunga sauti zake zote, amesahau kutaja jina la furushi. Kompyuta inachukua faili ya kwanza katika orodha, inaifanya ndiyo furushi, na sauti iliyokuwa ndani yake imekwisha. Haiombi radhi. Kwa hiyo jina la furushi lije mara tu baada ya f, siku zote, na mazoezi yafanywe kwa faili za mchezo, sio za mashahidi. Lakini msiniambie njia ya kubofya ni salama. Inaharibu vilevile, ila yenyewe inatabasamu, na hujui imefanya nini mpaka miaka miwili ipite. Amri niliyoiandika naweza kuisoma tena kesho, naweza kumsomea mwenzangu kwa simu herufi kwa herufi, naweza kuiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kompyuta. Jaribu kumweleza mtu wa Kiwanja kwa simu, rezo inakatika, abofye wapi.

Wala msiniambie hakuna vifaa. Kompyuta yenye Windows 10 iliyosasishwa tangu 2018 ina tar ndani yake. Andika cmd, bonyeza, ipo. Huko badala ya sha256sum kuna certutil -hashfile, faili, kisha SHA256. Mwenye simu ya Android anaweza kupata Termux bila kulipa, na amri zote nilizotaja zinafanya kazi humo, ukishaongeza p7zip na ffmpeg. Ile programu ya RAR ya kuibia, iliyopitishwa kutoka fleshi hadi fleshi pamoja na virusi vyake, iacheni. Mnaihitaji tu pale mtu anapowatumia rar, na hata hiyo 7-Zip inaifungua.

Kwa wakuu wa redio, ombi langu halina bajeti. Nunueni kadi moja zaidi kwa kila kinasa sauti. Wekeni desturi kwamba faili inabadilishwa jina kabla ya kutoka mkononi mwa aliyeirekodi, iwe na tarehe na mahali, mfano 2022-11-20-kanyaruchinya-01, ili REC0007 wawili wasikutane tena ndani ya folda moja. Na msimwachie kazi hii fundi mmoja, kwa maana siku ya kukimbia fundi naye anakimbia na watoto wake. Tulimwona nani akirudi ofisini kufunga hifadhi, ile Mei 2021, sehemu ya mji ilipoambiwa ihame kwa sababu ya Nyiragongo?

Kwa upande wangu, yeyote wa redio za barabara hii anayetaka, Jumamosi mchana nipo, aje na kompyuta yake au simu yenye Termux, na fleshi yenye faili za mchezo. Saa mbili zinatosha. Vijana wa sekretaria pubiliki nao waje, sina ugomvi nao, wengi wao wanajua zaidi yetu. Tutaanza na tar -tzf, kabla ya kufungua chochote.